Upande wa Kulia, Alipokaa Mireille

Bado mkono wangu unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina lako, Mireille.

Kwa wasiomjua: ni yule dada wa video ya shindano la piano Lubumbashi, mliyoipenda sana. Malaria imemchukua Jumatatu, hapa Kolwezi. Tunamzika kesho.

Mimi aliniita Kushoto.

Tulijifunza kwenye kinanda cha umeme cha parokia, kwa Tata Anselme, mwalimu wa kwaya. Alitupatia kipande cha muziki cha watu wawili, mikono minne kwenye kinanda kimoja. Mireille alikaa kulia, kwenye sauti za juu. Mimi kushoto, na zile nzito.

Kabla ya kuanza alifuta vibonye kwa kitambaa chenye maji. Malori ya madini yakipita, vumbi linaingia mpaka kanisani.

Umeme ukikatika hatukuondoka. Tulipiga kinanda kilichozimika, yeye akiimba sauti zote kwa mdomo. Siku moja alisimama ghafla.

"Kushoto, umekosea."

"Umesikia wapi? Courant hakuna!"

"Mi nimeona kidole. Anza tena, usinidanganye."

Tata Anselme alicheka mpaka akatafuta kiti.

Lubumbashi ndipo alipogusa piano ya kweli mara ya kwanza. Hakuwahi kukanyaga pedali maishani, na bado akashika nafasi ya pili! Alinipigia simu akipiga kelele: "Kushoto! Ile piano iko nzito sawa mulango ya garage!"

Tulikuwa tumejiandikisha pia kupiga kile kipande chetu. Sikwenda. Nilikuwa nimepata kazi kwenye ofisi ya mgodi, niko kwenye training, nikaogopa kumwomba chef wa kazi ruhusa.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Haina neno. Tutaipiga hapa kwetu, watu ba parokia basikie."

Tangu hapo alinialika kila wiki kwenye mazoezi ya Jumamosi. Mimi nina shift. Mimi nina overtime. Mimi nimechoka.

"Mutu wa bureau, bidole yako itaota kutu!"

Nilicheka. Sikwenda.

Ujumbe wake wa mwisho ni wa sauti: "Kushoto, Jumamosi unakuya? Niko na homa kidogo, lakini mi nitafika."

Nilimjibu kwa alama ya kidole gumba, basi. Sikuuliza hata hiyo homa ikoje.

Tata Anselme ameniambia ilivyokuwa Jumamosi ile. Mireille alifika, akafuta vibonye, akakaa kulia, akapiga upande wake peke yake. Kila mahali ninapoingia mimi alinyamaza, akahesabu, halafu akaendelea.

Alikuwa ananiachia nafasi.

Jana msibani mama yake alinishika mkono. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa naye kwenye kinanda. Kesho kutwa kwenye misa utapiga."

Nikamwambia, "Mama, mimi sistahili." Nikamweleza yote, Lubumbashi, Jumamosi, kile kidole gumba. Hakuniachia mkono. Nilitaka anitukane.

"Basi hiyo siku usichelewe," akasema.

Mireille, kesho nitakuwa wa kwanza kanisani. Nitafuta vibonye. Nitakaa kushoto, na upande wako sitamruhusu mtu akae.

Nitapiga sauti zangu zile nzito. Mahali unapopiga peke yako nitanyamaza, nitahesabu, nitakungoja kama ulivyoningoja.

Nikikosea, najua utaona kidole.

Nisamehe, dada yangu. Lala salama.