Antena ya Kuungia Kamba

Kabla ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Mukhwana alisuka kamba za katani huko Burnt Forest. Kibanda chake kilichomwa katika vurugu hizo, akaanza upya mtaa wa Munyaka, ambako wafugaji walitaka nailoni. Fundo la nailoni liliteleza, kwa hivyo ilibidi aunge ncha kwa kuzisuka ndani ya kamba. Alipotanua nyuzi za kamba kwa kijiti, kilizikwaruza; kwa msumari, ukazikata. Mwishowe akakata antena ya redio mbovu, akaisugua kwa msasa mpaka ncha ikawa butu na laini. Sasa alitanua nyuzi kwa antena hiyo, na ncha za kamba zikapita bila shida.

Jerop, mfugaji kutoka eneo la Plateau, alimfunga fahali wake kwa kamba iliyoungwa hivyo, katika soko alikouzia Mukhwana. Fahali akavuta mpaka kigingi kikang'oka, akatoroka, lakini kamba ikabaki nzima.

“Mzee, kamba yako imeshinda kigingi!” Jerop akapaza sauti.

“Basi tumkimbize, Mama!”

Wakamfukuza hadi kwa muuza kabeji, soko zima likicheka, Mukhwana pia.