Matobolwa ya Siku Tatu

Baba alipofariki mwaka jana, tulikuta kwenye sanduku lake kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na tobolwa moja, kile kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kuanikwa juani. Wadudu walikuwa wamelitoboa kila upande. Nilitaka kulitupa, mama akanizuia. "Alirudi nalo kutoka vitani," alisema. "Mpelekee dada yake." Baba alipigana vita ya Kagera na hakutusimulia hata siku moja. Nikaomba ruhusa kazini.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mwanza, na saa nne nilikuwa Bariadi. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, nyeupe mpaka kando ya barabara. Nilipanda gari jingine hadi Lagangabilili, nikanunua sukari na sabuni, maana kwa shangazi huendi mikono mitupu. Kutoka hapo nilichukua bodaboda.

Saa nane niliingia Mwamapalala. Shangazi Minza alikuwa uani akichambua pamba.

"Mwadila, sengi," nilimsalimu shangazi yangu kwa Kisukuma, nikipiga goti.

"Mwadila, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Mwanza hakuna ugali?"

Alinilisha kwanza. Tulipokwisha kunawa, akarudi kwenye pamba yake, nami nikamuuliza wao huku waliionaje vita ile.

"Vita hatukuijua. Sisi tulijua ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, wanaume wanafuata nyayo, siku ya tatu wamerudi. Sasa tukasikia mwizi kaingia Kagera. Baba yako alikuwa mgambo, akaitwa. Chakula nilimfungia mimi. Nikamfungia matobolwa ya siku tatu."

"Siku tatu tu, sengi?"

"Ee. Na siku ya tatu nikachinja kuku wa kumpokea. Tukamla wenyewe." Aliacha kuchambua. "Tukapanda, tukapalilia, tukavuna, hajarudi. Redio ya mwalimu wa shule hapa inasema vijana wanasonga mbele. Watu wanashangilia. Mimi nawaza tu, huyu anakula nini? Hata aliporudi sikumuuliza. Niliogopa aniambie alilala njaa kwa sababu yangu."

Zaidi ya miaka arobaini alikuwa na neno hilo moyoni, na baba alikuwa akija kumtembelea karibu kila mwaka! Nilitamani kuwagombeza wote wawili. Nikatoa kile kitambaa.

Aliitambua kanga yake kabla hajafungua fundo. Akaligeuza tobolwa kiganjani, akalinusa.

"Alilibakiza," alisema taratibu. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Bahili huyu! Tangu utotoni alikuwa anaficha chakula."

Nami nikalia. Nilimlilia baba kuliko nilivyomlilia siku ya mazishi.

Kesho yake asubuhi nilijiandaa kurudi. Nilikuwa nimekwenda na maswali ya bunduki na mashujaa. Niliondoka nikijua kwamba hapa Mwamapalala vita ile iliishi jikoni, kwa mtu aliyekosea kipimo cha chakula na asijisamehe.

Bodaboda ilipofika, shangazi alitoka ndani akiburuta nusu gunia la matobolwa.

"Sengi, hii safari ni ya saa chache tu!"

"Hata ile tulidhani hivyo," alisema, akalifunga gunia nyuma ya kiti kwa mikono yake mwenyewe.