Bukari ya Kupanda Ndege

Ndugu yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku Lubumbashi, ana ugonjwa wa kufupisha njia. Kinshasa kwake ni pua na mdomo. Kila akija kutoka huko anakoishi, na haji mara nyingi, anamwonyesha mama saa yake ya mkononi: "Maman, natoka hapa, nafika kule, saa moja na kidogo. Njo vile tu!" Mjinga wa kutupwa. Ndege inachukua zaidi ya saa mbili. Ni saa za Kinshasa tu zilizo nyuma ya zetu kwa saa moja, naye anajivunia ile saa moja kama vile aliichuma kwa jasho lake.

Mimi nilimcheka. Mama alimwamini.

Dada yetu mdogo alikuwa amejifungua huko Kinshasa. Chakula hakipiti, maziwa hayatoki. Kwenye simu alililia kitu kimoja: bukari, yaani ugali wetu wa mahindi, na kuku, vya mkono wa mama. Basi mama akapiga hesabu yake. Kama njia ni saa moja na kidogo, bukari haiwezi kupoa! Siku aliyokuwa anarudi yaya, mama akasonga kwa unga wa shamba lake la Annexe, pembeni mwa mji, akachinja jogoo, sufuria akaizungushia blanketi jipya alilomnunulia mjukuu, akaitia kikapuni. Nyumba yetu ya mtaa wa Hewa Bora ikanukia hadi barabarani.

"Umupatie ingali ya moto," akamwambia. "Akikula ya baridi, maziwa haitatoka."

"Usiogope, maman. Saa moja tu."

Nikamsindikiza hadi uwanja wa ndege, tukaambiwa ndege imechelewa. Tukakaa nje, kwenye meza ya muuza vinywaji. Yaya, bwana mkubwa, koti na tai, akakisukuma kikapu chini ya meza kwa mguu, watu wenye masanduku mazuri wasijue ni chake. Adhuhuri ikapita. Ndege hakuna. Nikaona mkono wake unashuka chini ya meza.

"Yaya! Hiyo iko ya dada muzazi!"

"Itaoza. Unataka nimupelekee sumu?"

Akala. Loo, alivyokula! Paja la kwanza, paja la pili, bukari anaifinyanga bila haraka, mchuzi anaufuata hadi kwenye kiwiko. Hata shingo hakuniachia, na nisingeitaka. Alipomaliza akajipangusa vidole, kimoja kimoja, kwa blanketi la mtoto mchanga. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya abiria wote.

Hapo hapo mama akapiga simu kuuliza. Mtu mzima na ndevu zake, mdomo unang'aa mafuta, akajibu: "Iko ya moto, maman."

Blanketi akalisokomeza kwenye begi lake. Sufuria na mifupa akaviacha chini ya meza, kama mtu aliyezaliwa hotelini. Jioni ndege ikaondoka naye. Sikumuaga.

Kesho yake dada akapiga simu. Nikaanza kumtukana yaya, matusi niliyokuwa nimeyaandaa usiku kucha. Akanikatiza kwa sauti ya chini.

"Wacha, bwana. Blanketi ilifika. Inanukia kuku ya maman. Niko nayo ku pua tangu jana, nimekatala banifulie. Ambia maman nilikula."