Shwari ya Redioni

Mliokulia Igowole enzi zetu mnaukumbuka ukungu ule, na viazi vya kuchoma tulivyotia mifukoni kupasha vidole moto njiani kwenda shule. Neno "shwari" hatukuwa nalo. Tuliletewa na redio wakati wa vita vya Kagera, kaka yangu Festo akiwa mstari wa mbele.

Kila jioni baba alitia betri tulizozianika juani mchana, na mtangazaji akasema vijana wetu wanasonga mbele, hali ni shwari. Mama, Mhehe asiyewahi kuiona bahari, alimuuliza mwalimu jirani yetu maana yake.

"Ni bahari ikitulia, mama Festo. Haina mawimbi."

Mama akashusha pumzi. Wiki ileile, nyumba ya pili wakaletewa taarifa kwamba kijana wao amekufa. Alikufa siku nyingi nyuma, katika siku zilezile za shwari.

Tangu hapo neno hilo likitajwa mama aliacha kusonga ugali. Sisi tuliokuwa tukicheza rede uani tuliona mwiko umesimama, tukaacha kurusha mpira.

Kuuliza hatukuthubutu. Kiongozi mmoja alikuja kutoka wilayani, tukakusanywa uwanja wa shule, akasema anayeuliza wamekufa wangapi anamfanyia kazi adui. Tukapiga makofi, mama naye akapiga. Nyumbani baba akatuonya, "Ya redioni yaishie redioni. Mkiulizwa, semeni hatujui." Niliogopa sana. Niliiogopa redio, nikamwogopa balozi wa nyumba kumi, nikauogopa hata mdomo wangu.

Festo alirudi, namshukuru Mungu. Lakini hakukaa tena chumba kimoja na redio iliyowashwa.

Leo watoto wetu kila kitu kwao shwari. Kafeli mtihani, shwari. Kaunguza maharage, shwari, na simu haimtoki mkononi. Huwa nawacheka.

Kitindamimba wangu ni askari, amepelekwa nje ya nchi kulinda amani. Wakubwa wametangaza kwamba vijana wote wako salama, tusisambaze uvumi. Zamani redio ilikuwa moja na tuliogopa pamoja, nyumba nzima. Sasa simu ni yangu peke yangu, na hofu vilevile. Jana nikisonga ugali jikoni ikalia mlio wa ujumbe.

"Mama, huku shwari."

Nikatazama mkono wangu. Mwiko ulikuwa umesimama.