Kiapo cha Beberu na Miguu ya Fundi Riungu

Filimbi ya kuondoa kafyu imelia, lango la kijiji limefunguliwa, na watu wanamiminika kuelekea mashambani. Wa mwisho kutoka ni Riungu, fundi wa kushona. Miguu ameitanua kama mtu anayevuka mto wenye mawe yanayoteleza. Mkono mmoja uko begani kwa mama yake, Kiende, na wa pili unaogelea hewani ukitafuta kitu cha kushika.

Kijiji hiki cha Imenti kimezungukwa na handaki lililosimikwa miti iliyochongwa, na njia ya kutokea ni daraja la magogo. Askari wa zamu anamwona Riungu akilikaribia, naye anageuza uso. Hapendi kutazama.

"Leo umekunywa ngapi, fundi?" anauliza akiwa amempa mgongo.

"Chai," anajibu Riungu. "Na haikuwa na sukari."

Ni utani wa kila asubuhi. Maneno ya Riungu hutoka moja moja, kila silabi imesimama peke yake, na asiyemfahamu angeapa kwamba ametoka kilabuni. Ukweli ni kwamba hajawahi kuonja pombe. Alilelewa katika nyumba ya Kimethodisti ambamo hata uji ulioanza kuchacha ulimwagwa.

Kazi yake iko mjini Meru, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Hapo amekuwa akishona tangu kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, na sasa, mwaka huu wa 1957, wateja bado wanapanga foleni. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ila yeye hakanyagi tena. Miguu ilikataa kufuata mwendo. Kiende huketi ubavuni, akazungusha gurudumu kwa mkono huku mwanawe akielekeza kitambaa.

Mikono nayo ina vituko vyake. Ikikaribia kitu hutetemeka, ikapita pembeni, ikarudi. Kwa hiyo Riungu hujifunga kifuko cha mchanga kwenye kila kifundo, na ule uzito hutuliza mtetemo. Ni ujanja alioubuni mwenyewe siku aliyojichoma sindano mpaka akaona aibu kumwomba mama yake kitambaa kingine cha kufutia damu.

Watu wa Meru, kwa kupenda kutia chumvi, wanasema suruali ya kaki iliyoshonwa na Riungu ikianikwa siku ya upepo haipepei, inasimama wima kama askari kwenye gwaride. Wengine wanadai kuna mwalimu aliyeivua jioni na kuikuta asubuhi imesimama mlangoni, tayari kwenda shule. Tuyaache hayo. Pindo zake zimenyooka kweli, na hilo atajionea mtu yeyote mwenye macho.

Kinachomkosesha Riungu raha si suruali. Ni Igoki, binti wa Mzee Muthamia, ambaye Riungu amemtamani tangu walipokuwa wote kwenye kwaya ya kanisa. Wakati huo Riungu alikuwa anasimama wima na kuimba sauti ya tatu bila kuyumba. Sasa ana miaka thelathini na mitatu, na kwa mpango wa wazee, Jumamosi ijayo anaweza kupewa Igoki au akamkosa kabisa.

Ili kuelewa mpango huo, lazima kurudi kwa babu yake, M'Mukiri. Mzee huyo aligombania shamba la migomba upande wa Mitunguu, na wazee wakaamua wenye kesi waape kiapo cha beberu. Beberu hupigwa mpaka mifupa ivunjike, na anayeapa husema: nikiwa nimedanganya, nivunjike hivi, mimi na nyumba yangu. M'Mukiri aliapa. Akapata shamba. Halafu akaonekana anayumba.

Hadithi zake bado zinachekesha vikao. Eti alitoka nyumbani kwenda Mitunguu kuleta ndizi, na kwa jinsi alivyopepesuka akajikuta Isiolo, akarudi na ngamia. Wanaosimulia hawajamwonyesha mtu yeyote huyo ngamia. Kicheko kilipungua baba yake Riungu alipopita umri wa miaka thelathini na kuanza kuyumba pia. Mwishowe alilala kitandani, akawa analishwa kwa kijiko, akafa. Kisha ikawa zamu ya Riungu. Basi nyumba yao ikapewa jina: Nyumba ya Beberu. Nani ataoza binti yake huko?

Hali ya Hatari iliongeza chumvi kwenye kidonda. Mwaka juzi, Riungu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Askari walimnusa kinywa, wasikute harufu ya pombe. Wakamwamuru asimame miguu pamoja na kufumba macho wakati wanampekua. Alianguka kama gunia.

"Walisema ni kiapo cha wapiganaji wa msituni kimenitupa chini," anasimulia. "Nikawaambia, hapana, kule kwetu wanasema ni kiapo cha beberu. Nilidhani ninajitetea."

Akafungiwa kambini. Serikali iliona kiapo chake, wazee walikuwa wameona chao, na hakuna aliyeona mgonjwa, isipokuwa dresa mmoja, msaidizi wa tabibu wa kambi, aliyegundua kwamba mfungwa huyu hata kijiko hakifikishi kinywani sawasawa. Aliomba apelekwe hospitali ya misheni upande wa Embu. Kiende akapewa pasi ya kumsindikiza.

Huko walimkuta daktari Mzungu asiye na haraka, na dresa wa Kimbeere aitwaye Ireri aliyekuwa akimtafsiria. Riungu aliambiwa aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua tena. Aburute kisigino juu ya muundi wa mguu wa pili. Atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Alitazamwa macho yalivyorukaruka yakielekea pembeni. Akagongwa magoti kwa kinyundo. Damu ilipimwa kuona kama ni kaswende, maana nayo huweza kuharibu mwendo. Aliulizwa kama aliwahi kuanguka na kuumia kichwa, kama anakunywa, anakula nini. Yote hayo yalipoondolewa, daktari alianza kuuliza habari za baba na babu.

Hapo ndipo Ireri alipolitaja jina: ataksia ya kurithi. Riungu alijaribu kulitamka mara kadhaa, likawa linayumba mdomoni kama yeye mwenyewe.

"Wewe si mlevi, wala hujalogwa," Ireri alimwambia. "Hapa kisogoni kuna ubongo mdogo. Kazi yake ni kupatanisha viungo, kuuambia mguu uende kiasi gani na mkono usimame wapi. Wako unachakaa polepole. Akili yako itabaki nzima."

Maelezo yaliendelea kwa muda mrefu. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa kula pamoja. Unapita katika damu ya uzazi, na kwa namna unavyotembea katika nyumba yao, kila mtoto wa mwenye nao ana nusu ya bahati ya kuupata na nusu ya kuukosa, kama kurusha sarafu hewani. Aliyeukosa hana cha kuwapa wanawe. Ila hakuna kipimo cha kumjua mapema. Mtoto hukua, akakimbia, akacheza, na ugonjwa ukasubiri utu uzima.

Dawa hakuna. Daktari alisema huenda siku moja watu wenye elimu wataipata, lakini hakutaka kumdanganya kwamba yeye ataiona. Itakuja fimbo, baadaye kiti. Lazima ale akiwa ameketi wima, kwa matonge madogo, asije akapaliwa. Aendelee kuitumia mikono maadamu inakubali. Miaka bado anayo, pengine mingi.

Kabla hawajaondoka, daktari aliuliza jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuuliza: babu alianza kuyumba lini, kabla ya kuapa au baadaye?

Kiende alisimulia alichosikia. Mama mkwe wake alikuwa amemweleza habari za siku ile: M'Mukiri alifika kwenye kiapo akiwa ameegemea bega la ndugu yake, na watu wakacheka kwamba amejipa moyo kwa pombe.

"Basi alikuwa mgonjwa tayari," alisema Ireri. "Beberu hakuhusika."

Riungu alilia, si kwa ajili yake mwenyewe. Babu hakudanganya. Miaka yote hiyo mzee wa watu amelala kaburini na jina la mwongo.

Ila faraja hiyo ilikuja na mwiba. Aliporudi, huku barua ya daktari ikiwa imemtoa kambini, Mzee Muthamia, ambaye awali hakutaka hata kusikia, alikuwa amelegea. Alikubali kumtoa Igoki iwapo Nyumba ya Beberu itasafishwa mbele ya wazee. Chifu ameshatoa ruhusa ya kukutana. Riungu anatakiwa alete beberu na kutamka kwamba babu yake aliapa uongo. Laana itaoshwa, na arusi itafuata.

Laana huoshwa. Ataksia haioshwi. Riungu akinyamaza, anaoa. Akisema alichoambiwa Embu, hakuna beberu wa kumsaidia.

Kiende alimshauri anyamaze. Walikuwa hapa barazani, cherehani ikizunguka. Alisema hospitali iko mbali, babu ameshakufa, na maneno hayamwumizi mfu.

"Mama," Riungu alimuuliza, "baba alikwambia wakati anakuoa?"

"Hakujua ni nini."

"Ungejua, ungekuja?"

Kiende aliacha kuzungusha gurudumu. "Ningekuja," alisema. "Lakini ningependa kuulizwa."

Hawakulizungumzia tena. Siku ya soko iliyofuata Igoki alipita barazani akiwa na kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka tangu mavuno ya kahawa. Riungu alimtuma mama yake akanunue uzi, ingawa uzi ulikuwa umejaa droo nzima, na Kiende akaenda bila kuuliza rangi.

Alimweleza Igoki yote, silabi baada ya silabi. Ilichukua muda. Igoki hakumkatiza wala kummalizia maneno, kama wafanyavyo wengi. Alisikiliza habari za fimbo na kiti, na za watoto.

"Nusu," alisema hatimaye.

"Nusu."

"Na baba yangu anafikiri ni mbuzi."

"Mbuzi ni nyama tu, Igoki."

Alitazama vile vifuko vya mchanga. Riungu anasema alitamani dunia isimame hapo hapo, kabla hajajibiwa, maana mpaka dakika ile alikuwa bado hajamkosa. Kisha Igoki akasimama na kunyoosha mikono pembeni.

"Nipime," alisema.

"Gauni la kanisani au la arusi? Mikato yake si sawa."

"Pima kwanza. Kamwambie baba kama ulivyoniambia mimi. Nikiona umeweza, nitakwambia ni gauni gani."

Kwa hiyo Riungu ana safari kabla ya Jumamosi. Atakwenda kwa Mzee Muthamia akiwa ameegemea bega la mama yake, na anajua watu watasema amekunywa ili apate ujasiri. Atamwambia kwamba M'Mukiri alisema kweli. Atamweleza habari za ubongo mdogo na za ile nusu. Wazee wakitaka beberu wao, na wamle, lakini yale maneno juu ya babu yake hatayatamka.

"Natamani kutembea na Igoki barabarani, nimemshika mkono," anasema, "na watu wajue sikumshika kwa sababu naanguka."

Kitambaa cheupe kiko juu ya meza, kimechorwa chaki kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo. Mkasi uko kando. Kila jioni, kabla ya kafyu, Kiende hukikunja, na kila asubuhi kikikunjuliwa mistari imefifia kidogo.

"Ikifutika?" anauliza mama yake.

"Nitachora tena," anasema Riungu, akikaza kifuko cha mchanga kwenye mkono wa kulia.