Nyama ya Luhende Isiyo na Chumvi

Luhende alihama Majimoto watu wakiwa bado wanamwita dalali, ingawa nguvu za udalali zilikuwa zimemwisha. Miaka mingi alisimamia bei za ng'ombe kule Mpimbwe. Alikuwa Msukuma mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali. Muuzaji na mnunuzi wakishindwana, aliwashika mikono yeye mwenyewe na kuwatania mpaka wakubaliane.

Presha alikuwa nayo siku nyingi, ila hakuijali. Kichwa kikiuma alimeza dawa, kikipoa aliacha. Mwishowe figo zikafa, akaambiwa kuanzia hapo ataishi kwa mashine ya kusafisha damu. Ndipo yeye na mkewe, Theopista, walipoacha nyumba yao wakaja kupanga Kasokola, ili wawe karibu na hospitali mjini Mpanda. Walipanga jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Theopista ni Mpimbwe kwa kabila, mwanamke wa kazi na wa maneno machache. Hospitali walimweleza kwamba chumvi inaleta kiu, kiu inaleta maji, na mtu asiye na figo hana pa kuyatolea maji hayo. Yanabaki mwilini na kupandisha presha. Aliporudi nyumbani alikusanya chumvi yote iliyokuwa jikoni akampa mke wangu. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikula chakula kisicho na chumvi, yeye, mumewe na binti yao Nyanzala. Hakutaka mumewe ajione anaadhibiwa peke yake.

"Jamani, maharage haya yamepikwa na malaika," Luhende alikuwa akisema. "Hayana dhambi hata moja."

"Kula, baba Nyanzala," mkewe alimjibu. "Dhambi zako za zamani zinatosha."

Lakini presha haikushuka. Kila alipofika kwenye mashine ilikuwa juu, na uzito umeongezeka kwa maji. Daktari akaongeza dawa, baadaye akaongeza nyingine. Muuguzi mmoja, Sista Cecilia, alimuuliza mbele ya mkewe, "Baba, ukitoka hapa unakula wapi?"

"Nyumbani tu, sista."

"Nyumbani kwa mama hakuna chumvi. Sasa hii presha inatoka wapi?"

Theopista alimtazama mumewe, na nadhani siku ile ndipo moyo wake ulipoanza kumshuku.

Sababu ya kumshuku ilikuwepo. Kasokola nako kuna mnada wa ng'ombe, na Luhende alikuwa amekataa kuuacha. Siku ambayo hana mashine na kuna mnada, alipanda nyuma ya bodaboda akaja. Mimi nauza kamba za kufungia ng'ombe, kwa hiyo nilimwona kila mara. Hakuwa na nguvu ya kusimama juani. Alikaa kwenye benchi karibu na jiko la Stanslaus, mchoma nyama, na kutoka pale alibishana na madalali wenzake kuhusu bei. Rangi ilimrudi usoni. Kwa saa chache alisahau kwamba ni mgonjwa.

Siku moja Theopista alikuja bila taarifa. Alimkuta mumewe ameshika kisahani chenye vipande vichache vya nyama, anacheka na dalali mmoja anaitwa Amosi. Alikinyakua kile kisahani akamwaga nyama chini. Mbwa walifika kabla hatujasema neno.

"Kumbe huku ndiko unakojiua!" alisema kwa sauti. "Mimi na mtoto wangu tunakula majani kama mbuzi kwa ajili yako, wewe unakuja kulamba chumvi huku!"

"Mama, hiyo haina chumvi," Stanslaus alisema. "Yake namchomea pembeni."

Wanaume wakaangua kicheko. "Stanslaus, usimtetee mteja wako!" Amosi akasema. "Mzee kashikwa, akubali tu!"

Luhende alisimama polepole, akajipangusa mikono. "Theopista," alisema, "ungeionja kwanza."

Hakuionja. Ilikuwa imeshaliwa na mbwa. Alimshika mumewe mkono kama anavyoshikwa mtoto mtoro, wakaondoka.

Mnada uliofuata Luhende alijitahidi kuja. Alipotokea tu, Amosi alipaza sauti, "Chumvi huyoo! Jamani ficheni chumvi!" Watu wakacheka. Amosi hakuwa na nia mbaya, watu wa mnada ndivyo walivyo. Lakini jina lilishika. Hata vijana wa kuswaga ng'ombe, ambao zamani walimwamkia kwa heshima, wakawa wanasema Mzee Chumvi. Luhende alikaa kidogo, akaomba bodaboda, na hakurudi tena. Siku za mnada alikaa mlangoni kwake, akisikiliza ng'ombe wanaopitishwa barabarani. Presha bado ilikuwa juu vilevile. Theopista aliliona hilo, ila aliamini kwamba mumewe amepata njia nyingine ya kujificha.

Ukweli ulijulikana kwenye benchi la hospitali. Theopista alikuwa anasubiri mumewe atoke kwenye mashine, na mwanamke mwingine anaitwa Kabula, ambaye pia alileta mgonjwa, alikuwa hajala. Theopista akamgawia maharage.

"Loo, mayu, maharage yako laini kweli," Kabula alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unayapikaje?"

"Natia magadi. Kwetu bila magadi maharage hayaivi vizuri. Hata mlenda natia."

Sista Cecilia alikuwa anapita. Akasimama. "Unatia magadi kwenye chakula cha baba?"

"Kila siku. Chumvi sitii."

"Mama," sista alisema taratibu, akakaa naye benchini, "kitu kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi nacho kimo. Kimejaa."

"Lakini mlisema chumvi," Theopista alisema. "Magadi si chumvi. Magadi ni magadi."

Sista hakumgombeza. Alisema tu kwamba ilibidi wao wauguzi waulize mapema, na kwamba baba alisingiziwa.

Jioni hiyo kupitia ukutani nilimsikia Theopista akimweleza mumewe. Luhende akacheka, kicheko kile cha zamani cha mnadani.

"Kumbe mwizi alikuwa kwenye chungu!"

"Nisamehe, baba Nyanzala."

"Nimekusamehe. Ulikuwa unanipigania. Lakini nenda kawaambie wale."

"Wale nani?"

"Wa mnadani. Uliniaibisha mbele yao. Nikienda mwenyewe nitaonekana nimekuja kujitetea. Nenda wewe, useme, halafu mimi nitakuja nikae kwenye benchi langu."

"Nitaenda."

Hakwenda. Mnada wa kwanza alisema ana kibarua cha kupalilia. Uliofuata alivaa kabisa, akafika kwenye geti, akarudi ndani. Luhende hakumsukuma. Alimuuliza mara moja tu, "Umeshawaambia?" Mkewe akasema bado, naye akaitikia kwa kichwa.

Magadi yalipoachwa, presha ilianza kushuka. Tulifurahi. Lakini moyo wa Luhende ulikuwa umesukuma kwa nguvu muda mrefu mno, ukawa umechoka. Dawa walimpunguzia, na bado siku moja, akiwa kwenye mashine, presha ilianguka ghafla. Akatokwa jasho, miguu ikakaza, wakasimamisha mashine na kumwinua miguu juu. Tulizoea kuogopa presha ya kupanda. Sista akatuambia hii ya kuanguka nayo ni ya kuogopa, kwa sababu mashine haiwezi tena kutoa maji yote, na maji yanayobaki yanauchosha moyo zaidi. Tangu hapo Luhende hakuweza hata kupanda bodaboda. Mvua za masika zilimkuta kitandani, na hazikuisha akiwa hai.

Baada ya matanga Theopista alinifuata nikifunga kamba zangu kwenye baiskeli. Akasema, "Shemeji, twende wote."

Mnadani alisimama palepale karibu na jiko la Stanslaus. Wanaume walimpa pole, mmoja baada ya mwingine. Akawasubiri wamalize.

"Nimekuja kuwaambia," alisema, "mume wangu hakuwahi kula chumvi hapa. Hakunidanganya hata siku moja. Ilikuwa magadi, nilikuwa naweka mimi mwenyewe. Nilimsingizia."

Stanslaus aliinamia makaa yake. Amosi alivua kofia, akawa anaizungusha mikononi.

"Na mimi ndiye niliyempa lile jina," alisema. "Yeye alijua kwamba ni magadi?"

"Alijua. Alinituma nije niwaambie ili apate kurudi."

"Alikutuma lini, mayu?"

"Kabla hajazidiwa. Bado alikuwa anatembea."

Amosi alimtazama. "Sasa mbona hukuja, shemeji? Tungemfuata nyumbani. Tungembeba."

Theopista alifunga upya kanga kiunoni, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Niliwaonea haya nyie," alisema.