Paka Aliyezaa Juu ya Suruali ya Mwalimu Mkuu

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule Bi Jumla anafanya kazi gani, atakwambia anahesabu paka. Akiwa na adabu zake ataongeza, "Na mbwa." Kisha atacheka, na wewe utacheka, na Bi Jumla mwenyewe akipita hapo atacheka kuliko nyote wawili, maana ni mwanamke ambaye kicheko chake hakina breki.

Kazi yenyewe si ya kuchekwa. Mwisho wa mtaa, nyuma ya ukuta uliopakwa chokaa, kipo kituo cha mbwa na paka wasio na kwao, na kila anayeingia na kila anayetoka lazima apite mezani kwa Bi Jumla. Anaandika ameingiaje: ameokotwa barabarani, ameletwa na mwenyewe, amezaliwa hapa hapa. Siku ya kuondoka anaandika ameondokaje: mwenyewe amepatikana, amepata nyumba mpya, amehamishwa, amekufa. Hilo la mwisho huliandika haraka haraka, kwa mwandiko mbaya, na baada ya hapo hasemi na mtu mpaka chai iive.

Ana masharti yake. Haandiki mnyama ambaye hajamgusa. Umletee mbwa mkali, umletee paka mwenye kucha kama sindano, atanyoosha mkono tu. Mikono yake ina mikwaruzo mpaka viwikoni, na mumewe humtania kwamba ameoa mwanamke aliyepigana na mchongoma akashindwa.

Na waongo wa getini anawajua kwa harufu. Mtu atakuja na paka aliyejilaza begani kwake kama yuko kitandani, aseme, "Huyu nimemwokota tu, hapo kona."

"Pole na kazi," Bi Jumla atamjibu. "Jina lake nani?"

"Kinyunya."

Basi Bi Jumla anaandika: ameletwa na mwenyewe. Halafu anacheka mpaka yule mtu naye anacheka, ndipo anaeleza ukweli, kwamba mwenye nyumba amekataa, au mtoto amezaliwa, au wanahama. Watu wengi wametoa machozi mezani pale baada ya kucheka.

Katika wote waliopita mikononi mwake, mmoja aligoma kupita. Huyo ni Diwani. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya kahawia, sikio moja zima na jingine nusu, na jina alipewa kwa sababu ya tumbo lake na kwa sababu alibweka kutwa nzima kuhusu kila jambo bila kufanya lolote. Wageni wakija kutafuta mbwa wa kuchukua, wenzake walitikisa mikia na kulegeza macho. Diwani aliwatolea hotuba. Wageni wakaruka hatua mbili nyuma, wakachagua mwingine. Miaka minne ikapita hivyo.

Bi Jumla angemchukua yeye mwenyewe zamani sana, lakini mumewe ana pumu, na unywele mmoja tu wa mnyama unatosha kumfanya akeshe kitandani akihema. Kwa hiyo alifanya alichoweza. Kila asubuhi aligawana naye mkate, akamkuna pale sikio lilipokatika, akamwambia, "Wewe mzee, utapata lini watu wako uniondokee hapa?" Diwani akambwekea na yeye pia, ila kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonea haya mkwe.

Sasa, kibali cha kituo kilikuwa cha wanyama sitini. Wakizidi siku ya ukaguzi, waliozidi hupelekwa kituo kikubwa nje ya mji, wakianza wale waliokaa muda mrefu zaidi. Kule uwanja ni mkubwa lakini subira ni ndogo. Mbwa mzee asiyetakwa hupewa wiki chache, halafu sindano. Na aliyekaa kuliko wote alikuwa Diwani, kila mtu alilijua hilo, isipokuwa Diwani.

Asubuhi ya ukaguzi walikuwa sitini kamili. Tatizo lilikuwa Shangazi, paka wa kijivu aliyepewa jina hilo kwa kulalamika kuhusu chakula, godoro na tabia za vijana. Shangazi alikuwa na tumbo la kuburuza chini.

"Kesho," mlishaji alimbembeleza. Mlishaji huyo ni jitu la miraba minne linaloitwa Kijiko. "Shangazi yangu mzuri, zaa kesho. Kesho nakuchinjia samaki."

"Samaki hachinjwi," Bi Jumla alisema.

"Kwa heshima yake nitamchinja."

Mkaguzi akafika. Alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na uso uliokaa kikazi, akiendeshwa na dereva wa makamo ambaye aliegesha gari ndani ya geti, akafungua mlango apate hewa, akatoa mkate wake. Mkaguzi alizunguka vibanda vyote na Bi Jumla nyuma yake. Diwani alimkaribisha kwa hotuba ndefu. Walipomaliza, mkaguzi alikuna kidevu.

"Nimepata hamsini na tisa. Wewe umeandika sitini. Mmoja yuko wapi?"

Bi Jumla aligeuka akatazama chumba cha paka. Godoro la Shangazi lilikuwa tupu.

Kabla hajasema neno, ukelele ulipasua hewa kutoka ng'ambo ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta ni duka la fundi cherehani, na fundi huyo ni wifi yake Bi Jumla, dada wa mumewe, mwanamke ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kukanyaga kituoni. Alikuwa na msemo wake: "Wewe, wifi, endelea na hao watoto wako wenye mikia. Mimi na wanyama mbali mbali."

"WIFI! Njoo umtoe huyu mwanaharamu wako kwenye suruali ya mwalimu mkuu!"

Walikimbia wote watatu, Bi Jumla, mkaguzi na Kijiko. Shangazi alikuwa amepita dirishani, akakataa kikapu cha vitambaa, akakataa kiti chenye mto, akachagua meza ya kukatia, juu ya suruali nyeusi ya mwalimu mkuu, iliyokuwa imepigwa pasi, ikimsubiri mwenyewe alasiri. Alikuwa ameshaanza kuhema.

Kijiko alimvuta Bi Jumla kando. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Bi Jumla, huyu si yuko nje ya kituo? Mwandike ametoka, amepata nyumba mpya. Tubaki hamsini na tisa. Diwani amepona!"

Na hapo, jamani, Bi Jumla alitamani. Tusimfanye malaika. Alitamani mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alimwona Diwani akipandishwa kwenye gari la kituo kikubwa, akiwahutubia watu watakaomdunga sindano. Neno moja tu lingetosha.

"Wifi," alisema, "unamtaka huyu paka?"

"Namtaka? Nimtake nimpeleke wapi? Mtoe hapa!"

Bi Jumla akamgeukia Kijiko. "Umesikia. Nikimwandika ametoka na hana alikokwenda, nitakuwa nimemtupa. Hatumtupi Shangazi kwa ajili ya Diwani." Akaweka mkono wake juu ya tumbo la paka, akamwambia mkaguzi, "Wa sitini huyu hapa."

Shangazi, kana kwamba alikuwa anangoja hesabu ikae sawa, akatoa mtoto wa kwanza.

"Sitini na mmoja," mkaguzi alisema, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena. Alikuwa hajawahi kuona paka akizaa. Aliinama, viatu vinavyong'aa vikiwa juu ya vipande vya nyuzi.

"Maji ya moto!" wifi alipiga kelele.

"Ya nini?" Kijiko aliuliza.

"Sijui! Kwenye uzazi huwa wanaita maji ya moto!"

Kijiko akakimbilia maji ya moto. Aliporudi na birika, wa pili alikuwa ametoka, mweusi tititi, na wa tatu, wa kijivu mwenye soksi nyeupe. Bi Jumla aliwagusa kila mmoja kwa ncha ya kidole, huku anacheka na macho yamejaa maji, kwa sababu kila mmoja alikuwa mzuri na kila mmoja alimsogeza Diwani karibu na gari lile. Wa nne alikawia. Mkaguzi alikuwa ameshika kona ya meza. Mtoto alipotoka na kulia kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta, watu wazima wanne walishangilia kama goli limeingia.

"Sitini na wanne," mkaguzi alisema, akasimama, akakumbuka kazi yake. Uso ulimwanguka. "Bi Jumla, samahani sana. Ni wanne wamezidi. Nitalazimika kuanza na..."

"Najua ataanza nani," Bi Jumla alisema.

Kijiko alifuta macho kwa kiganja, akanyoosha mikono yake mikubwa amwinue Shangazi na suruali yake amrudishe kituoni. Hakufika. Wifi alikuwa amejitupa katikati, rula ya mbao mkononi.

"Thubutu! Wewe mwanaume, mzazi anabebwa hivyo? Hata damu haijakauka! Weka mikono yako chini!"

"Si umesema tumtoe?"

"Nilisema kabla! Kabla na baada ni kitu kimoja? Mtazame alivyochoka. Mtazame huyu mdogo, hajui hata ziwa liko wapi. Hapa haondoki mtu!"

Mkaguzi alikohoa. "Mama, samahani. Kwani huyu paka ni wako?"

Birika lilikuwa linafuka, na wifi alitazama kila uso mle ndani akitafuta wa kumwokoa. Hakuna aliyejitokeza. Bi Jumla alikuwa amejiuma midomo yote miwili ili asitoe sauti.

"Unaona wa nani?" wifi alisema hatimaye, kwa hasira. "Amezaa mezani kwangu, ananitazama mimi, nimemwitia maji mimi. Andika, wifi. Andika na hao wanne. Na ole wako ucheke."

Bi Jumla alicheka mpaka akakaa chini sakafuni kwenye vipande vya nyuzi. Kijiko alimwinua mkaguzi juu, mtu mzima na viatu vyake, akamzungusha. "Hamsini na tisa! Hamsini na tisa!" walikuwa wanaimba, na mkaguzi naye akaimba, akiwa bado hewani. Kuhusu suruali, wifi alisema mwalimu mkuu ataelewa, na asipoelewa atashonewa nyingine, na akileta maneno atakabidhiwa paka mmoja.

Walirudi kituoni wamefurahi kupita kiasi. Bi Jumla alitangulia mbio kumpasha habari Diwani, na kibanda cha Diwani kilikuwa wazi, kwa kuwa Kijiko, kwenye purukushani ya ukaguzi, alisahau komeo.

Hakwenda mbali. Alikuwa kwenye gari la mkaguzi, kiti cha mbele, tumbo lake lote limekaa vizuri, anakula mkate wa dereva. Habweki. Dereva alikuwa anamkuna pale sikio lilipokatika na kumsimulia jambo kwa sauti ndogo, na Diwani alikuwa anasikiliza.

"Samahani, mama," dereva alisema alipomwona Bi Jumla. "Amekuja mwenyewe. Nilitaka kumrudisha, lakini tumeanza kuongea." Akasita. "Binti yangu ameolewa mwaka huu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Huyu ana mwenyewe?"

Bi Jumla aliushika mlango wa gari. Tangu asubuhi alikuwa anaogopa Diwani asije akapandishwa kwenye gari, na sasa Diwani alikuwa ndani ya gari, na lilikuwa gari zuri. Hapo ndipo alipojua, na ilimwuma kweli, kwamba siku zote akimwambia "uniondokee hapa" alikuwa anasema uongo kuliko waongo wote wa getini. Alitaka abaki. Alitaka ambwekee kila asubuhi mpaka mmoja wao afe.

"Hana," alisema. "Ila anabweka sana, mzee. Nakwambia mapema. Kutwa nzima."

"Ndicho ninachokitafuta," dereva alisema.

Basi akaenda mezani, akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko alioutumia mwaka mzima: amepata nyumba mpya. Akarudi, akamshika Diwani kichwa kwa mikono yote miwili, akamnong'oneza maneno ambayo hayatuhusu. Mkaguzi alikaa kiti cha nyuma bila kuulizwa. Gari likatoka getini, na Diwani akatoa kichwa dirishani akaanza kuwahutubia watu wa barabarani, mmoja mmoja, kwa furaha tupu, wala hakugeuka kutazama nyuma.

Kijiko alimwekea Bi Jumla mkono begani. "Hamsini na nane," alisema. "Hatujawahi kufika hapo. Umefurahi?"

"Nimefurahi mno," Bi Jumla alisema, na ilikuwa kweli. "Niangalizie meza."

Akaenda nyuma ya tangi la maji, akajifuta mikono kwenye kanga, akalia kwa raha zake mpaka akamaliza.